Saluki Asiye Mbwa

Kila mgeni aliyeingia hemani kwa Dughaim aliambiwa kwamba saluki, mnyama mwembamba wa kuwindia jangwani, si mbwa, ndiyo maana saluki wake Shaha alilala zulia moja na watu. Lakini wiki hii Shaha alikuwa akikaa, akinyanyua miguu ya nyuma na kuburuta matako juu ya zulia hilohilo, wageni wakitazama kahawa zao.

"Baba Nayif," mkewe alimuuliza, "na hapo pia si mbwa?"

"Ni minyoo tu. Nimeshampa dawa."

"Mara mbili umempa. Wewe jino likikuuma unakunywa dawa ya minyoo?"

Asubuhi Dughaim aliona damu kwenye zulia. Alipomgusa Shaha karibu na mkia, mwindaji huyo asiyelizwa na miiba akalia. Hofu ikamwingia Dughaim. Akampakia kwenye pikapu mpaka mjini, kwa daktari wa mifugo.

"Ana vifuko viwili pembeni mwa tundu la haja," daktari alisema huku akivikamua. Uvundo ukajaa chumbani. "Vimeziba, na kimoja kimetunga usaha. Mbwa akijiburuta mara moja, mwache. Akirudia kila siku, akijilamba sana, au ukiona uvimbe au damu, mlete siku hiyohiyo. Ungengoja kesho, kingepasuka."

"Atapona?"

"Atapona. Mbwa wengi hupata haya, mzee."

"Ila huyu si..." Dughaim alianza, akavuta pumzi, akaziba pua. "Haya, ni mbwa. Lakini mke wangu asisikie."