Kiatu Ndani ya Dohani

"Kirudishe ukutani!" nilimkemea Wilfred, mwashi aliyekuwa akikarabati dohani, njia ya moshi ya nyumba yetu ya mawe. Alikuwa ameng'oa jiwe juu ya meko, akakuta kiatu kikuukuu cha mtoto. Kelele za nyundo zilikuwa zimemwamsha mwanangu mchanga, naye akawa analia orofani.

"Kwani kitaniuma, Bi Thirkell?" akacheka.

Juha! Wajenzi wa zamani walificha kiatu humo ili pepo anayeshuka kupitia dohani aingie ndani yake, anaswe. Nani bondeni kwetu hajui? Yeye akakigeuza, akakikung'uta, masizi yakamwagika sakafuni.

"Unaona? Hamna kitu!"

Kwenye masizi yale nyayo ndogo zilikuwa zikijichora zenyewe, moja baada ya nyingine, kuelekea ngazini.

Huko juu, mwanangu akanyamaza ghafla.