Apwoyo Hataki Kula

Apwoyo ni mnyama wa kwenye simu. Ana masikio marefu na pembe mbili zinazochipua majani, na usinicheke, kwa sababu aliyemlea tangu yai ni dada yangu Jerusa. Alipolazwa hospitalini mara ya mwisho, Jerusa alinitumia mnyama huyo kupitia mchezo, akaniambia nimtunze. Baada ya mazishi, Apwoyo ndicho kitu pekee cha Jerusa kilichobaki hai mikononi mwangu.

Na alikuwa ananikataa. Nikimpeleka uwanjani kupigana, anakaa chini na kutazama kando. Nikimpa matunda, ananusa na kunipa mgongo. Katika mchezo huo, mnyama asiyemwamini mlezi wake hupungukiwa moyo kidogo kidogo, na moyo ukiisha hurudi msituni moja kwa moja. Moyo wa Apwoyo ulibaki utepe mwembamba tu juu ya kioo. Jioni ile nilifunga kibanda changu cha kutengeneza simu pale Sotik, nikafika nyumbani Kaplong nikijua kesho hatakuwepo. Nilimgombeza kama mtoto aliyemwaga uji.

"Kula basi, mjeuri wewe."

Mume wangu Kipngeno alikuwa anakamua ng'ombe. Alinisikia, akacheka, ndoo katikati ya magoti.

"Mama Fancy, kwani hiyo ng'ombe yako ya simu ulichukua bila kuuliza?"

"Kuuliza nini?"

"Venye mwenyewe alikuwa anaiita. Hii yangu nilitoa Chebunyo. Kabla nishike kamba niliuliza yule mzee, unaiitaje, unaiimbia nini ukikamua? Usipouliza, utavuta mpaka uchoke na itakuficha maziwa." Akampapasa ng'ombe ubavuni. "Jerusa alikuwa anaongeleshanga yako na lugha gani?"

Mchezo ule husikiliza sauti, na Jerusa alimlea kwa Kijaluo kitupu. Mimi nilianza kumtunza baada ya mazishi, na nilimsemesha Kiswahili tu. Kijaluo nilikuwa nimekifungia tangu kaburini, kwa sababu kila neno lilikuja na sauti ya Jerusa, na sikuiweza.

Nikaketi kando ya Kipngeno, nikasogeza simu mdomoni.

"Apwoyo," nikasema, "bi ka."

Njoo hapa, ndiyo maana yake. Masikio yakasimama. Akageuka polepole, akanitazama mimi. Nikamwita tena, na safari hii akaja mpaka uso wake ukajaa kioo chote. Akala tunda, akala la pili, nikamsugua shingo kwa kidole naye akafumba macho. Moyo ukapanda. Kisha majani ya pembe yakafunguka yakawa maua meupe, yakazidi kufunguka, na Kipngeno akaacha kukamua. Miaka yote ninayocheza sijawahi kuona kitu kama kile. Niliogopa hata kuitikisa simu.

Kuna jambo ambalo mnyama humwonyesha tu yule anayemwamini: maneno aliyofundishwa na mlezi wake wa kwanza, kwa sauti ya mlezi huyo. Sikujua kama Jerusa alimfundisha lolote. Apwoyo akafungua kinywa.

"Akello," dada yangu akasema, "isechiemo?"

Akello ni mimi; aliniuliza, umeshakula? Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Kipngeno akachota maziwa kwa kikombe, akanishikisha, nami nikamjibu dada yangu, kwa Kijaluo, kwamba ndiyo kwanza nakula.