Dakika Tano na Nusu

Neno la saba Musab alilikosea kwa makusudi. Alilisoma mwanzo wake, akaubahatisha mwisho, kisha akakohoa. Ndivyo afanyavyo mdogo wake Zainab akikwama: hukohoa, ili anayemsikiliza adhani ni kifua.

Jennifer, mtaalamu wa kupima matatizo ya kusoma, aliandika kitu kwenye karatasi yake.

"Usiwe na haraka," alimwambia.

Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio uliomchoma Musab. Alitamani amkaripie.

Miadi ile haikuwa yake. Mama yao aliiweka kwa ajili ya Zainab, mwenye miaka kumi na mitatu, ambaye herufi zimemsumbua tangu alipoanza skuli. Skuli ilimtia kwenye foleni ya mtaalamu wao, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Asiyeweza kungoja alipe mwenyewe. Mama, anayezunguka Ilford, mashariki ya London, kwa basi kuwaogesha na kuwalisha wazee majumbani mwao, alijinyima mwaka mzima hadi akaipata nafasi hiyo.

Kisha vyuo vinne vya udaktari vikamkataa Musab kwa barua zinazofanana. Katika mtihani wa kuingilia, hesabu alipata vizuri, na mantiki pia. Sehemu ya kusoma na kufahamu ndiyo iliyomwangusha: maswali arobaini na manne, dakika ishirini na mbili. Mtihani huo hurudiwa mara moja tu kwa mwaka. Alifanya mazoezi tangu baridi kali hadi majani yakachipua, akaanza na swali kabla ya habari, akajifunza kuliacha linalomganda. Alipanda kidogo, akakwama pale pale. Maneno aliyajua. Saa ndiyo iliyomshinda.

"Sehemu ile haipandi kwa kusoma," Nadim alimwambia. Walimaliza skuli pamoja, ila Nadim, ambaye kwao ni Stanmore, mtaa wa wenye nacho, aliingia udaktari mara ya kwanza. "Inapanda kwa dakika. Ukiwa na ripoti ya tatizo la kusoma unaongezewa robo ya muda. Nyumbani kwetu sote watatu tunayo."

"Nyote watatu mna tatizo?"

Nadim alicheka. "Baba alituwekea miadi, basi."

Jioni hiyo Musab alimhadithia Mama yote jikoni. Jina la Zainab hakulitaja. Alijua Mama atalifikia mwenyewe.

Mama alivua viatu vya kazi, akaisugua miguu yake iliyovimba.

"Zainab bado mdogo," alisema hatimaye. "Ana muda. Wako wewe ndio unaokwisha. Ukishakuwa daktari utamtizama mwenzio."

"Lakini mie sina tatizo hilo, Mama."

"Unajua mwenzio anavyosoma?"

"Najua."

Mama aliinuka. Alikwenda kutawadha.

Wiki nzima kabla ya miadi Musab alikaa na Zainab kila alasiri, akimwomba amsomee. Zainab alifurahi, maana kaka yake hakuwa amekaa naye hivyo kwa muda mrefu. Alisoma kwa jasho, akiruka vijineno vidogo, akirudi nyuma, akicheka kwa aibu. Musab hakumsahihisha. Alikuwa akijifunza.

Ripoti ilikuja, kurasa kumi na nane. Zainab aliikuta mezani, na ingawa hakuweza kuisoma yote, jina la tatizo alilijua. Alimuuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, "Kwani na wewe pia?"

"Ndiyo."

"Umenificha miaka yote!" Alimkumbatia shingoni. "Basi si mimi peke yangu. Na wewe utakuwa daktari."

Musab alisimama na mikono yake pembeni, asijue aiweke wapi.

Kiangazi alirudia mtihani. Kwa sehemu ya kusoma walimwongezea dakika tano na nusu. Alimaliza maswali yote, na dakika moja ikabaki bila kazi. Alama zilipanda kuliko alivyoota, na kabla ya Krismasi vyuo viwili vikamwita kwa mahojiano. Mama alipiga simu Pemba, akalia, akapika biriani siku ya kazi.

Wiki hiyo hiyo skuli ilimwita Mama kwa habari za Zainab. Mara tatu alikataa kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, mara tatu akatolewa darasani. Musab alikwenda kumfasiria Mama, na Zainab akaketi kati yao. Mwalimu alikuwa Sushila, aliyemfundisha yeye mwenyewe Kiingereza, na alipomwona alinyanyuka kwa furaha.

"Huyu alikuwa akinimalizia vitabu," alimwambia Mama. Kisha akaketi, na uso ukabadilika. "Zainab ana akili, ila hajitahidi. Mtaalamu wetu hapokei wapya mwaka huu, isipokuwa kwa sababu ya pekee." Akavuta fomu. "Matatizo haya huenda kwa damu. Yuko ndugu yake yeyote aliyethibitishwa? Nikipata ripoti tu, nampandisha juu leo hii."

Musab hakufasiri. Mama, aliyekifahamu Kiingereza kiasi hicho, aliyatazama magoti yake.

Ripoti ilikuwa ndani ya simu, mfukoni. Lakini Sushila angeisoma, angeliona jina, na ni yeye aliyempa Musab alama za juu kabisa. Simu moja kwa chuo ingetosha kuufichua uongo wake.

Zainab alimgeukia kaka yake. Uso wake ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Hapana," Musab alisema. "Hakuna."

Sushila aliandika. Zainab aliendelea kumtazama kaka yake, si kwa hasira, bali kama mtu aliyesikia vibaya na anangoja jibu lirudiwe.

"Basi itabidi tuitumie hii." Sushila alimsogezea Zainab karatasi. "Ni ahadi yako kwamba utajitahidi zaidi, na adhabu zake usipotimiza. Isome kwanza. Usitie saini kitu usichokisoma. Nina kikao baada ya dakika tano."

Zainab aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Kengele ililia. Nje kukajaa vishindo na makelele ya wanafunzi wanaobadili madarasa, milango ikafunguliwa na kufungwa, kisha kukawa kimya tena. Sushila aliinua macho kuitazama saa ya ukutani. Kidole kilikuwa bado kwenye mstari wa kwanza.