Barua Tatu za Mkunga

Mchunguzi wa malalamiko ya wananchi alizikuta barua tatu kwenye kabati la mganga mkuu wa hospitali, chini ya majalada yaliyojaa vumbi. Zote ziliandikwa na mkunga: mashine ya oksijeni ya wodi ya wazazi ni mbovu, itengenezwe. Hazikujibiwa. Mtoto mchanga alipofariki, mkunga ndiye aliyefukuzwa kazi, bila hata kusikilizwa. Mnyonge hana haki.

Mchunguzi akaamua: mkunga arudishwe kazini, na hospitali imwombe radhi. Uamuzi huo aliupeleka mwenyewe.

Mkunga alisoma, machozi yakamlengalenga. "Asante, baba. Na mama wa yule mtoto, naye amepelekewa?"

Mchunguzi alitikisa kichwa. Sheria ilimtaka amjulishe mkunga aliyelalamika na hospitali tu, naye hakuwaza zaidi ya hapo.

"Miaka minne ananiita muuaji," mkunga alisema. "Akiniona njiani, anavuka upande wa pili."

Kesho yake asubuhi mchunguzi alipiga hodi kwa yule mama, akamsomea uamuzi wote.

"Kwa hiyo mwanangu angepona?"

"Huenda, dada yangu. Sina hakika."

"Na mimi nimemlaani aliyekuwa akimpigania!" Mama akajifunika uso kwa mtandio, akalia kana kwamba msiba ni wa jana.

Mchunguzi alikaa naye mpaka kilio kikatulia, kisha akamsindikiza kwa mkunga. Pale mlangoni wanawake wale wawili walishikana mikono.