Mgeni Hapewi Mgongo

Tangu asubuhi mama alikuwa amelala chali. Shuka jeupe lilivutwa mpaka kidevuni, uso ukaelekezwa mlangoni. Binti yake, fundi cherehani, alikaa kwenye kigoda pembeni, mikono mapajani, hana la kufanya. Mito aliyoishona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa vya wateja alikuwa ameisukumiza chini ya meza. Karani wa ofisi ya mtaa ndiye aliyeicheka jana yake.

"Haya matambara ya nini? Mheshimiwa anakuja na godoro la hewa, la kisasa, na watu wa kamera. Utatuaibisha, dada!"

Fundi akaona haya, akaificha. Na ni mito hiyo hiyo iliyomlinda mama tangu kiharusi kimwangushe: mmoja katikati ya magoti, mmoja nyuma ya mgongo, mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse kitanda. Muuguzi wa zahanati alimfundisha kumgeuza mama kila saa mbili, ubavu huu kisha ule, na mahali pakibadilika rangi asipasugue, apabonyeze tu; pasipofifia, ngozi imeanza kufa. Fundi alishika. Hata nguo ya mtu ikiwa chini ya sindano, aliiacha akaenda kumgeuza. Majirani wakamtania, "Wee, huyo ni mama yako au samaki kikaangoni?" Mama naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini ngozi yake ilikuwa nzima.

Jua likapanda.

"Mama, nikugeuze kidogo?"

"Wakiingia je? Mgeni hapewi mgongo, mwanangu. Ndivyo nilivyokulea?"

Karani akachungulia mlangoni. "Wako njiani! Usimguse, shuka litakunjamana."

"Lakini muuguzi alisema..."

"Muuguzi ndiye anayeleta godoro?"

Fundi akanywea. Godoro alilitaka, tena alilitaka mno. Alikwisha kujiona amelala usiku kucha kama watu wengine, bila kuamka kumgeuza mtu.

Hiyo njia ya wakubwa, jamani, haina mwisho! Adhuhuri ikapita, mama akawa anauma mdomo.

"Panachoma," akanong'ona.

"Vumilia, mama."

Aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo, aliona aibu. Hakuinuka kigodani.

Mheshimiwa aliingia alasiri, na marashi yake yakamtangulia. Vijana wawili wakambeba mama, wakamlaza juu ya godoro ambalo hata nailoni halijavuliwa. Mama akajikakamua. "Karibuni, baba. Mnisamehe, siwezi kuinuka."

"Usijali, mama yetu! Serikali ipo!"

Wakapiga makofi, wakapiga picha. Mheshimiwa alipokwisha kuingia garini, karani akawageukia wale vijana.

"Mshusheni. Linakwenda kwa yule mzee wa ng'ambo ya barabara, apigwe picha naye."

"Kwani si letu?" fundi akauliza.

"Hili la kuonyesha tu. Lenu linakuja. Vuta subira, dada, mtaka cha mvunguni huinama."

Fundi akainama kweli, akaivuta mito yake chini ya meza. Alipomgeuza mama, akaona juu kidogo ya makalio doa la zambarau. Akalibonyeza kwa kidole kama alivyofundishwa. Halikufifia. Akalibonyeza tena, huku akijua.

"Wageni wameondoka vizuri?" mama akauliza, uso ukutani.

"Vizuri, mama."

Ngozi ikafunguka baada ya siku chache. Kidonda kikachimba ndani, kikaanza kunuka, na fundi akawa anawapokea wateja nje, kwenye ngazi, asije mtu akavuta hewa ya chumbani. Godoro lao lilikuwa bado "linakuja". Mwishowe akaenda zahanati kuomba bandeji.

Muuguzi alisikiliza, akaweka kalamu chini.

"Ulikuwa hodari wewe. Nilikuwa nakutolea mfano kwa wenzako. Imekuwaje? Hukumgeuza?"

Nyuma ya kichwa cha muuguzi, ukutani, palibandikwa picha mpya, kubwa kama dirisha. Mheshimiwa ameinama, meno yote nje. Mama amelala chali juu ya godoro, nailoni inang'aa kwa mwanga wa kamera, naye anatabasamu kwa upande mmoja, mwenyeji mwema anayekaribisha watu. Karani, aliyekuwa ndiyo kwanza ameibandika, alisimama kando yake, gundi mkononi, akimtazama fundi.

"Nilisahau," fundi akasema.

"Mama yako mzazi, ukasahau!"

Watu kwenye benchi wakageuka kumtazama.