Bakuli la Yoshie Lililonuka Mgebuka

Boti ilikuwa imeshauacha mwalo wa Kibirizi, tuko mbali kama mita mia, na Ashura bado anapiga kelele kutoka ufukweni: "Mzee Swaibu! Usiliweke chini! Lipakate!"

"Nimelipakata!"

"Lipakate kama mtoto!"

Abiria wakacheka. Mama mmoja aliyekalia gunia la sukari akaniuliza huyo mtoto ana umri gani. Nikamwambia umri siujui, ila kazaliwa Japani.

Lilikuwa bakuli la chai, la udongo, limechorwa maua. Mwenyewe ni Yoshie, Mjapani aliyeishi Ujiji miaka mitatu akifundisha wakunga. Alipoondoka kwenda kumuuguza mama yake alimwachia Ashura, mwenye nyumba wake na wangu. "Litumie mpaka nirudi," alisema. Ashura hakulitumia. Kwake amana hainywewi chai. Alilifunga kwenye kanga mpya akaliweka mahali anapopaheshimu kuliko pote: kwenye uchaga juu ya meko, panapokaa mbegu za mahindi zisiliwe na wadudu, jirani na migebuka, samaki wa ziwani, inayokaushwa kwa moshi. Likakaa miaka sita.

Siku mbili kabla ya safari ile Yoshie alipiga simu kwamba Ijumaa anafika. Ashura akalifungua. Kwa ndani, ule utando wake wa kung'aa kama kioo ulikuwa umejaa vistari vya kahawia kama wavu wa dagaa, na lilinuka mgebuka kabisa.

"Nimeharibu amana ya mtu," akasema, akakaa chini sakafuni. Siku ile hakula.

Mimi ndiye niliyemkumbuka Honorata, mfinyanzi wa kule Mwamgongo, ndiko boti ilikokuwa ikinipeleka.

Nilimkuta uani. "Mwakeye," nikamsalimu kwa Kiha changu cha kuokoteza. Aliitikia huku macho yako kwenye kanga. Nilipolifungua hakuanza na maua. Alilipindua, akagusa kwa ulimi kitako chake, pale udongo ulipoachwa mtupu.

"Huu umechekechwa, ukachekechwa tena," akasema. Akaligonga kwa ukucha, akasikiliza. Ndipo akalizungusha polepole.

Yalikuwa maua manne, kila moja la majira yake huko kwao. Jeupe kwenye tawi lisilo na jani hata moja. La rangi ya waridi, linapukutika. La buluu, la kutambaa, kama yale ya kwenye nyua zetu. La mwisho la njano, petali nyingi nyembamba. Ukilizungusha mkononi, mwaka mzima unapita.

"Tazama hapa," Honorata akasema. "Rangi imemwishia mchoraji katikati ya petali. Kaacha hivyo hivyo! Mimi ningerudia, nikaharibu."

"Sasa litapona?"

"Harufu naitoa. Mistari haitoki, na si ufa, babu. Ni ngozi yake hiyo."

Akalifanyia kama anavyofanyia vyungu vyake vipya: akalizamisha kwenye sufuria kubwa ya maji baridi, akakoroga unga wa muhogo kidogo, moto mdogo, toka adhuhuri mpaka alasiri. Nikataka kulitoa. Akanipiga kofi mkononi.

"Likikutana na upepo wa ziwa likiwa la moto litapasuka, utasema mimi mchawi. Lipoe humo humo."

Ijumaa Yoshie alifika. Ashura hakungoja hata salamu ziishe.

"Mwanangu, amana yako nimeiharibu. Niliiweka na samaki."

Yoshie alilipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole kwenye vile vistari. Akaingiza pua ndani, akanusa. Ashura alikuwa ameshika ncha ya ushungi wake, anaisokota.

"Mgebuka," Yoshie akasema. Akacheka mpaka machozi. "Bado upo, kwa mbali. Nilikuambia litumie, mama!"

"Amana haitumiwi!"

Nilipomweleza habari ya uji wa muhogo aliacha kucheka. Akasema bibi yake naye huchemsha mabakuli mapya, ila kwa maji ya mchele. Vistari, akasema, vingekuja tu hata kwa kunywea chai. Hivi vimekuja kwa moshi, basi.

Akakoroga humo unga wa chai ya kijani kwa kibrashi cha mwanzi mpaka ukatoa povu, akaligeuza bakuli ua la buluu limwelekee Ashura, kwa kuwa kwao mwezi ule ni wa joto, na ua hilo ndilo la majira ya joto.

"Hiki si kisamvu hiki?" Ashura akauliza. Akanywa lote, akalitazama bakuli hadi kitakoni, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

Yoshie alikaa siku tisa. Alikwenda Mwamgongo kumwona Honorata, kisha akarudi kwao na bakuli lake. Sasa anafanya kazi hospitali moja huko, hupiga simu siku ya Idi. Ashura siku hizi anapikia gesi. Honorata bado anafinyanga, ingawa goti linamsumbua. Mimi niko Kasulu tangu Machi, nalinda ghala la maharage.