Wavu wa Kichanjani

Jumamosi, Tereza alipokwenda kwenye sala za jumuiya, mumewe Kasmiri aliloweka wavu kwenye beseni la sabuni ya unga, akausugua kwa brashi ya viatu. Magamba ya dagaa yalitoka, maji yakang'aa. Akayamwaga chini ya mgomba, akaloweka tena.

Ulikuwa wavu mweusi, laini, wa kuzungushia trampolini, lile duara la kurukia watoto lililokuwa nyuma ya nyumba yao Bweri. Clementi, kaka yake Tereza, alilileta kutoka Mwanza, zawadi ya komunyo ya kwanza ya binti yao, Boke. Siku ya kufungua boksi Kasmiri alikuwa peke yake. Aliupapasa wavu kwa vidole vya mtu aliyekulia kwenye nyavu, akaona ni dhambi kitu kizuri vile kukaa kinazuia upepo tu. Akaupeleka kisiwani Rukuba, akautandika juu ya kichanja chake cha kuanikia dagaa. Dagaa wake hawakugusa mchanga tena, na akina mama wa sokoni wakawa wanawagombea. Tereza alipouliza mbona za wenzao zinakuwaga na wavu, alijibu, "Labda shemeji kaleta ile isiyokuwa nao."

Boke aliruka mpaka Kwaresima, ndipo akaangukia upande wa karo la zege la kufulia.

Mazishini wazee walimkataza Clementi, mleta trampolini isiyo na wavu, kutupa udongo kaburini. Alisimama nje ya uzio na begi lake mpaka watu walipotawanyika, kisha akapanda bodaboda.

Matanga yalipoanuliwa, Boke akaanza kurudi. Alikuja saa za kutoka shule, akavua viatu, akavipanga, akapanda trampolini. Aliruka vizuri tu. Kisha akaangukia palepale, akainuka, akakung'uta sketi, akaondoka kupitia migombani. Kesho yake akaja tena.

"Baba Boke," Mama Ngolo wa nyumba ya pili alimwambia juu ya uzio, "mtoto anaanguka kila siku nawe unatazama tu? Hata marehemu anachokaga."

"Mfungie wavu," Tereza alisema. "Ule mshindo sitaki kuusikia tena."

Ndiyo maana Kasmiri alivuka kwenda Rukuba, akawahamishia dagaa kwenye turubai, akarudi na wavu.

Wavu ulipokauka, alisimamisha nguzo, akazifunga kwenye miguu ya trampolini, akazivika sponji. Palipochanika alipashona kwa sindano ya nyavu, kwa fundo alilofundishwa na baba yake. Tereza alirudi kutoka jumuiya na kitenge chake, akamshikia nguzo ya mwisho.

"Umeupata wapi?"

"Hapo mjini."

"Si unaona? Mpaka Musoma zipo. Clementi alishindwa nini?"

Kasmiri alikaza fundo. Lilikuwa limeshakazika, akalikaza tena.

Boke alifika, akawaamkia wote wawili, akavua viatu. Aliingia, akafunga zipu nyuma yake kama mtu aliyezoea, akaruka. Alipoelekea upande wa karo, wavu ulimpokea, ukamrudisha katikati. Akacheka. Tereza akajifunika uso na kitenge.

Kila wavu ulipompokea, dagaa walidondoka kutoka matunduni, wakavu, wa chumvi kidogo, wazima na vichwa vyao. Boke aliwaokota, akawakusanya kwenye sketi.

"Baba," alisema, "hawa si ndio wale wa kwenye kichanja chetu?"

"Anasemaje?" Tereza akauliza.

"Anasema wavu ni imara."

Boke alikuwa amelelewa asibishane na baba yake mbele ya watu. Alimpa mama yake dagaa kupitia mlango wa zipu, akaendelea kuruka. Saa yake ilipofika alivaa viatu, akaondoka, na siku hiyo hakuwa na vumbi kwenye sketi.

Tereza aliwakaanga kwa nyanya, bakuli moja akampelekea Mama Ngolo, ambaye alishukuru na kuuliza kama kesho pia watadondoka. Walipokaa kula ugali, simu ya Tereza iliita. Kioo kiliandika Clementi. Iliita mpaka ikakata, ikaita tena.

Kasmiri alifungua mdomo.

Tereza akailaza simu kifudifudi, akamsogezea bakuli. "Kula, Baba Boke. Leo umefanya kazi ya baba."

Kasmiri akamega tonge, akala. Dagaa walikuwa safi, hawana hata chembe ya mchanga.